Data ya kihisi ina mapengo: nikate wapi?

Swali la msomaji: "Nina faili la kihisi kinachopima joto la mota ya pampu kila dakika 1, kwa miezi 8. Kifaa cha kurekodi kimekuwa kikizimika mara kwa mara, pengine kwa dakika chache, pengine kwa saa kadhaa, na kuna wakati kilikaa kimya siku 10 mfululizo. Nikichora grafu napata mistari mirefu iliyonyooka ambayo najua si ya kweli. Mwenzangu mmoja ananiambia nijaze mapengo yote kwa kukadiria. Mwingine ananiambia nikate data kila siku saa sita usiku. Nimfuate nani? Na kama ni kukata, pengo liwe kubwa kiasi gani ndipo nihesabu kwamba kipande kimeisha?"

Ndugu msomaji, usimfuate hata mmoja. Kata pale kifaa kilipoacha kurekodi, na ukate kabla hujaigusa data kwa jambo jingine lolote: kabla ya kujaza, kabla ya kupiga wastani, kabla ya kuchuja. Nausisitiza sana utaratibu huu kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika, na uharibifu wenyewe hauonekani kwa macho. Namba zinatoka, grafu inapendeza, ripoti inakwenda kwa wakubwa, kumbe nusu ya yaliyoelezwa hayajawahi kutokea.

Tazama mistari mitano tu, saa upande wa kushoto na nyuzi joto upande wa kulia:

14:02   61.3
14:03   61.4
14:04   61.4
17:31   24.0
17:32   26.8

Wewe ukiitazama unaona mara moja kwamba kati ya 14:04 na 17:31 kuna dakika 207 zisizo na habari. Kompyuta haioni hivyo. Kwake huo ni mstari wa tatu ukifuatwa na wa nne, basi. Ukiiambia ipige wastani wa mistari mitano, itakupa nyuzi 47, joto ambalo hakuna mstari hata mmoja unaolikaribia. Ukiitaka ikupe mabadiliko kutoka mstari hadi mstari, itakuambia mota imepoa nyuzi 37.4 kwa mkupuo. Ukigawa kwa dakika 207 zilizopita kweli, ni nyuzi 0.18 kwa dakika, jambo la kawaida kabisa kwa mota iliyozimwa.

Niliwahi kuletewa ripoti iliyodai kwamba mota fulani ilikuwa "ikipoa ghafla" mara kadhaa kila mwezi. Mafundi walikuwa wameshafungua mfumo wa kupoozea wakitafuta kasoro. Kasoro ilikuwa kwenye betri ya kifaa cha kurekodi. Kila betri ilipolegea kifaa kilinyamaza, na kilipoamka mota ilikuwa imeshapoa. Hakuna aliyekuwa amehesabu tofauti ya muda kati ya mstari mmoja na mwingine, na hesabu hiyo haichukui hata dakika moja.

Njia yenyewe ni hii. Chukua muda wa kila mstari, toa muda wa mstari uliotangulia. Katika mistari yetu unapata 1, 1, 207, 1. Kisha ulizia kila tofauti: je, imezidi kizingiti, yaani muda mrefu kabisa wa ukimya unaouvumilia? Ndiyo iandike 1, hapana iandike 0. Mstari wa kwanza kabisa hauna unaoutangulia, upe 0. Sasa una 0, 0, 0, 1, 0. Mwisho jumlisha ukishuka chini, kila mstari ukibeba jumla ya yote yaliyo juu yake pamoja na lake: 0, 0, 0, 1, 1. Hizo ndizo namba za vipande. Mistari mitatu ya mwanzo ni kipande cha 0, miwili ya mwisho ni kipande cha 1, na pengo linalofuata litaanzisha kipande cha 2.

Kwa anayetumia pandas, zana ya data ya lugha ya Python, ni mistari mitatu ya msimbo:

df = df.sort_values("muda")
pengo = df["muda"].diff() > pd.Timedelta(minutes=5)
df["kipande"] = pengo.cumsum()

Kama kazi yako iko kwenye Excel, weka muda kwenye safu ya A, andika 0 kwenye C2, halafu kwenye C3 andika =IF(A3-A2>5/1440,C2+1,C2) na uivute hadi chini. 1440 imeingia kwa sababu Excel huhesabu siku nzima kuwa 1, na siku ina dakika 1,440. Kwenye R, lugha ya takwimu, ni diff na cumsum vilevile. Kwenye SQL, lugha ya hifadhidata, utatumia LAG kupata muda wa mstari uliotangulia, kisha SUM yenye OVER. Na kama faili lina vihisi viwili au zaidi, fanya hesabu hii kwa kila kihisi peke yake. Ukivichanganya, kihisi kimoja kinaweza kunyamaza wiki nzima na usione pengo lolote, kwa sababu cha pili kinaendelea kuleta mistari kila dakika.

Hiyo dakika 5 niliyoiweka hapo juu ndiyo swali lako gumu, na ndipo nataka tukae zaidi.

Watu huchanganya maswali mawili. La kwanza linahusu kifaa: je, kuna usomaji uliopaswa kuwepo na haupo? La pili linahusu kitu kinachopimwa: je, ukimya huu umetosha mota kubadilika bila mimi kujua? Kizingiti cha swali la kwanza unakipata kwenye data yenyewe. Tafuta mediani ya tofauti zote za muda, yaani ile ya katikati ukizipanga kutoka ndogo hadi kubwa, kwako itakuwa sekunde 60, kisha uizidishe kwa moja na nusu. Chochote kinachozidi sekunde 90 ni usomaji uliopotea. Usiweke kizingiti sawasawa na hatua ya kurekodi, maana saa za vifaa huyumba. Kioo cha kwatzi kinachoendesha saa ya kifaa, kikikosea sehemu 20 kwa milioni kitakimbia au kuchelewa sekunde 1.7 kwa siku, kwa hiyo sekunde 59 na 61 utaziona tu na hazina ubaya. Wanaorekodi mara 10 kwa sekunde wana balaa jingine: 0.1 haiandikiki kikamilifu katika hesabu za ndani za kompyuta, kwa hiyo tofauti zinatoka juu kidogo au chini kidogo ya 0.1. Ukiuliza "imezidi 0.1?" utapata mapengo maelfu ambayo hayapo.

Swali la pili halijibiwi na takwimu peke yake. Unahitaji kuijua mota yako. Ila unaweza kuiuliza data hiyohiyo ikusaidie: tafuta siku ambayo mota ilizimwa huku kihisi kikiendelea kurekodi bila kukatika. Joto lilichukua dakika ngapi kushuka kiasi ambacho kwako ni kikubwa, tuseme nyuzi 5? Kama lilichukua dakika 6, basi ukimya wa dakika 3 hauna nafasi ya kuficha jambo zito, lakini ukimya wa dakika 20 unaweza kuficha mota iliyozimwa, ikapoa na kuwashwa tena. Kizingiti chako cha kukatia kinakaa chini ya hizo dakika 6, na ndiyo maana nimeandika 5. Mwenye kihisi cha mtetemo kinachosoma mara 1,000 kwa sekunde atakata kwa ukimya wa sehemu ndogo tu ya sekunde. Mwenye kupima kina cha maji ya ardhini kila saa anaweza kuvumilia saa 3 bila wasiwasi. Nasema hivi kwa sababu watu huazimana vizingiti. Google Analytics, kwa mfano, huhesabu kwamba ziara ya mtu kwenye tovuti imeisha akikaa dakika 30 bila kufanya lolote, na nimeona dakika 30 hizo zikihamishiwa kwenye data za mitambo, mahali ambapo hazina maana yoyote.

Kabla ya kuridhika na namba yako, chora histogramu ya tofauti za muda, yaani grafu ya nguzo inayoonyesha kila tofauti imetokea mara ngapi, ukitumia kipimo cha logi, ambacho kila hatua huzidisha badala ya kuongeza, ili dakika na siku vionekane pamoja. Mara nyingi utaona kilima kirefu kwenye dakika 1, vilima vidogo kwenye 2 na 3 ambako usomaji mmoja au miwili imepotea njiani, kisha bonde tupu, halafu mapengo ya kweli yaliyotawanyika kuanzia makumi ya dakika hadi siku. Kizingiti kikiangukia ndani ya bonde uko salama. Jaribu pia kukisogeza: kata kwa dakika 3, kisha kwa 5, kisha kwa 10, uhesabu vipande kila mara. Idadi ikibaki karibu ileile, kizingiti hakina ubishi. Ikipungua nusu, bonde halipo, na itabidi uyatazame hayo mapengo ya katikati moja moja ujue yanatokana na nini.

Kuna njia moja naomba uikwepe kabisa: wastani wa tofauti pamoja na mara 3 ya mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zilivyotawanyika kutoka kwenye wastani. Inaonekana ya kisomi, ila mapengo yenyewe ndiyo yanayoupandisha huo mchepuko. Chukua faili lako. Tuseme lina mistari laki 3 na lile pengo moja la siku 10, yaani dakika 14,400. Pengo hilo pekee linaufanya mchepuko sanifu kuwa dakika 26 hivi, hivyo kizingiti kinaruka hadi dakika 80. Pengo lolote la saa moja litapita bila kuonekana. Mediani haina ugonjwa huo, haitikiswi na pengo moja hata liwe la mwaka.

Kabla ya yote hayo lakini, hakikisha safu ya muda inaaminika. Panga mistari kwa muda, ondoa iliyojirudia, na utafute tofauti zilizo hasi. Kama saa imeandikwa kwa nchi inayobadili saa kwa majira, utaona pengo la uongo la saa moja saa zinaposogezwa mbele, na saa nzima inayojirudia zinaporudishwa nyuma. Dawa yake ni kuhamishia kila kitu kwenye UTC kwanza, saa ya kimataifa isiyobadilika kwa majira. Kifaa kilichoishiwa umeme kinaweza kuamka kikidhani ni tarehe 1 Januari 1970, siku ambayo kompyuta nyingi huanzia kuhesabu muda. Vipokezi vya zamani vya GPS navyo vilipata msukosuko usiku wa tarehe 6 Aprili 2019, kwa sababu hesabu ya wiki katika mawimbi ya GPS huanza upya kila baada ya wiki 1,024, na kifaa kisichoandaliwa kilijikuta kinaandika Agosti 1999. Ukipanga mistari ya namna hiyo bila kuichunguza, kipande cha jana kitahamia mwanzo wa faili na hutajua.

Angalia pia ni muda wa nini ulioandikwa. Vifaa vingi mtandao ukikatika huhifadhi usomaji ndani, kisha huutuma wote kwa pamoja mtandao ukirudi. Kama safu yako ni ya muda wa kupokelewa badala ya muda wa kupimwa, utaona pengo la saa 4 likifuatwa na mistari 240 ndani ya sekunde chache. Hapo hakuna kilichopotea, omba tu safu sahihi.

Halafu kuna mapengo ambayo hayaonekani kabisa kwenye muda. Kihisi kimekatika waya, lakini kifaa kinaendelea kuandika mstari kila dakika: 0, au -9999, au namba ya mwisho ikijirudia bila kubadilika hata desimali moja. Joto la mota halisi haliwezi kukaa 61.4 kwa saa 6. Ukikuta hivyo, ifute namba hiyo, acha mstari uhesabiwe kuwa haupo, ndipo urudi kwenye hesabu ya tofauti. Kinyume chake pia kipo: vifaa vinavyoandika pale tu thamani inapobadilika. Kwa hivyo ukimya wa saa 2 unaweza kumaanisha kwamba joto lilitulia tu. Soma mwongozo wa kifaa kabla ya kukata, kwa kuwa data peke yake haiwezi kukutofautishia kutulia na kufa.

Sasa nirudi kwa wenzako wawili. Anayesema saa sita usiku anakata mahali ambapo mota haikufanya chochote, na anaacha pengo la saa 3 na nusu likae katikati ya "siku" moja kana kwamba ni kitu kimoja. Siku ni nzuri kwa ripoti. Ukishapata vipande vyako, unaweza kujumlisha kwa siku upendavyo.

Anayesema ujaze hajakosea moja kwa moja. Usomaji mmoja au miwili iliyopotea ndani ya kipande unaweza kuikadiria kwa mstari mnyoofu, na ukaweka alama kwamba imekadiriwa. Ila jihadhari na zana. Kwenye pandas, ukiandika interpolate, amri ya kujaza kwa kukadiria, kwa limit=3, wengi huamini kwamba imejaza mapengo yenye mistari mitatu au pungufu. Kinachofanyika ni kwamba inajaza nafasi tatu za mwanzo za kila pengo, hata lile la siku 10. Ukiwa umeshakata vipande na ukajaza ndani ya kila kipande, hatari hiyo haipo. Vivyo hivyo unapopanga upya data kwa vipindi sawa: resample ikifuatwa na mean (wastani) itaacha utupu mahali pasipo na data, lakini ikifuatwa na sum (jumla) itaandika 0. Kwa joto haina maana kujumlisha, lakini kwa mvua au matumizi ya umeme, sifuri hiyo ni uongo unaosomeka kama kipimo. Ongeza min_count=1 na utupu utabaki utupu.

Tukiwa kwenye umeme, kama una safu ya nguvu ya mota na unataka kupata nishati, jumlisha ndani ya kila kipande tu. Kilowati 2 upande huu wa pengo letu la dakika 207 na kilowati 2 upande wa pili zitakuletea kilowati-saa 6.9 ambazo huenda hazikutumika kamwe. Mita inayohesabu jumla tangu ilipofungwa ni jambo tofauti. Hiyo ilimradi haikuanza upya kutoka sifuri, toa tu usomaji wa baada ya pengo na wa kabla, na matumizi ya ndani ya pengo unayo hata kama hujui yaligawanyikaje.

Ukishakata, tengeneza jedwali dogo la vipande: namba, mwanzo, mwisho, mistari mingapi, na sababu ya kukatika kama unaijua. Jedwali hilo liambatane na data popote inapokwenda. Utaona vipande vingine ni vya dakika 4 au 9. Visivyotosha kwa kazi yako viache pembeni, ila uandike ni vingapi na jumla ya saa zake. Kama unatafuta mzunguko wa dakika 30 katika joto, kipande cha dakika 40 hakiwezi kukuonyesha, kwa sababu mzunguko mmoja na kitu hautoshi kuthibitisha kwamba unajirudia. Kuchuja nako, yaani kulainisha data ili kuondoa mitikisiko usiyoihitaji, kufanyike kipande kwa kipande. Kichujio kikivuka pengo huuona mruko kama pigo na kuendelea kutikisika kwa dakika kadhaa baadaye. Hata ndani ya kipande, ncha mbili haziaminiki sana. Kama unachohitaji ni masafa, yaani joto linajirudia mara ngapi kwa muda fulani, kutoka kwenye faili zima lenye mapengo, ipo hesabu ya Lomb na Scargle, iliyotoka kwa wanaastronomia katika miaka ya 1976 na 1982, ambayo haidai vipimo viwe na nafasi sawa.

Usidhani pia kwamba pande mbili za pengo ni kitu kilekile. Darubini ya anga Kepler, iliyorushwa 2009, ilipima mwanga wa nyota takriban kila nusu saa. Karibu kila mwezi ilisitisha kupima ili kuelekeza antena duniani, na kila baada ya miezi 3 hivi iligeuka nyuzi 90 ili paneli zake ziendelee kulitazama jua. Baada ya kugeuka, nyota ileile ilianguka sehemu nyingine ya kamera na mwanga wake ukasomeka tofauti, ingawa nyota haikubadilika. Wanaastronomia walilazimika kusawazisha kila kipande kivyake kabla ya kuviunganisha. Kule Hawaii, vipimo vya hewa ya kaboni vya Mauna Loa vilivyoanza 1958 vilikatika Novemba 2022 lava ilipofunga barabara na kukata umeme, na kwa muda vikaendelea kuchukuliwa kwenye mlima jirani wa Mauna Kea. Kwa hiyo uliza kilichofanyika wakati wa zile siku 10 zako. Kama fundi alikuja akabadili kihisi au akakisogeza sentimita chache, vipande vya kabla na vya baada usivilinganishe moja kwa moja hata kama ni mota ileile.

Grafu yako nayo ni rahisi kuiponya. Ama chora kila kipande kama laini yake, ama ingiza mstari mmoja mtupu, wenye muda lakini usio na joto, katikati ya kila pengo. Programu nyingi za kuchora hukata laini zikikutana na thamani tupu. Kwenye Excel hakikisha mpangilio wa seli tupu umewekwa kuacha pengo, na seli iwe tupu kweli, isiwe na fomula inayorudisha maandishi matupu, kwa sababu hiyo Excel huichora kama 0.